Maua ya Tarumbeta Mlangoni pa Esperansi

Siku Esperansi alipoyaleta matawi yale kutoka Gitega naikumbuka vizuri, mwanangu, maana sote tulifurahi. Alikuwa mke wa kaka yangu Melkiori. Tulikuwa tumerudi Muyinga baada ya kukulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, penye vumbi tupu, na Esperansi alisema amechoka kuishi pasipo na kitu cha kutazama tu. Basi alipokwenda Magarama, mtaa wa Gitega, kumsalimia shangazi yake, aliona mti wa maua ya tarumbeta uani kwa jirani, akaomba matawi. Aliyafunga kwa jani la mgomba lililolowa, akayapakata njia nzima.

Mkono wake ulikuwa na baraka. Aliyapanda karibu na mlango, pasipochomwa sana na jua, akayatilia samadi ya mbuzi na maji ya kuoshea vyombo. Mvua zilipokolea, maua meupe yalining'inia yakinukia jioni nzima. Wapita njia walisimama, wakaomba matawi nao. Hakuna aliyeuliza mti ule una tabia gani. Usilolijua ni usiku wa giza.

Watoto wetu walizoea kuchuma maua mekundu ya hibiskusi na kufyonza utamu wake. Konsolata, kitinda mimba wa Esperansi, alifanya vivyo hivyo kwa ua la tarumbeta, kisha akalitafuna. Tulimkuta uso umewiva, mboni zimetanuka, jicho lote jeusi.

“Mama, iko watu wengi hapa,” alisema, na hapakuwa na mtu.

Nilimbeba mgongoni, Melkiori akatupakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Muuguzi alipomfungua kiganja alikuta kipande cha ua. Walijitahidi, mwanangu, siwezi kuwalaumu. Jua halijazama, mtoto akakata roho.

Kaburini mama yangu mzazi alimnyooshea Esperansi kidole. “Wewe ndiye mrozi, mchawi wewe! Umeniulia mjukuu! Rudi kwenu Giheta!” Majirani wakaanza kunong'ona.

Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasimama. “Nyamazeni. Huyu alileta ua. Nani kati yenu hakuja kuomba tawi?”

Lakini ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka halirudi. Matanga yalipokwisha Esperansi alikwenda kwao Giheta. Melkiori alimfuata, akarudi peke yake. Mti aliung'oa na mizizi yake, kisha tukapita nyumba kwa nyumba tukiwasihi waliochukua matawi wang'oe. Wengine walikataa. Walisema ni mzuri mno.

Mwanangu, panda maua, sikukatazi. Nyumba isiyo na ua huchosha macho. Ila kabla hujapokea tawi, uliza jina lake, utomvu wake, mbegu zake, na mbuzi akilila huwaje. Penye watoto panda hibiskusi, panda waridi. Bogenvilia iweke mbali na njia kwa sababu ya miiba. Mti usio na wa kukueleza habari zake, uache ulipo, hata ukikuita kwa harufu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na msiba ukiingia kwa mwenzio, usimtafute mchawi; mshike mkono mama aliyefiwa, kabla wengine hawajamwonyesha njia ya kuondoka.

Mungu aupe uwanja wako rangi. Akujalie wanao wakuzike wewe, usiwazike wao.