Verlin Achagua Daraja la Amplifaya Yake

Dorthea alipozikwa, mumewe Verlin Aukes hakulia. Aliendelea kwenda kazini kwenye maghala ya mahindi, jioni akarudi, akala mkate na nyama baridi. Majirani wa mji wao mdogo, huko Iowa, Marekani, walimletea mabakuli ya chakula. Akashukuru kwa kichwa, akarudisha vyombo vimeoshwa.

Jumamosi moja alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye redio zake za kuzungumza na watu wa mbali, akaanza kuunda amplifaya, chombo cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Taa mbili kubwa za kioo, zile zinazokuza mawimbi, alikuwa nazo tangu Vita Kuu vya Pili viishe. Ilibaki kuchagua daraja, yaani namna ya kuziendesha.

Orrin, kaka yake Dorthea, naye mtu wa redio, alimkuta akilehemu nyaya.

"Utaziendesha vipi, shemeji?"

"Daraja C."

"C si ya kugonga Morse tu, nukta na vistari? Taa zinaamka, zinapiga, zinalala. Ukiongea humo utasikika kama jogoo aliyekabwa."

"Nitagonga."

"Weka A basi. Taa hazilali kabisa, sauti safi."

"Umeme wote uishie kwenye joto. Mimi naunda redio, siundi jiko."

"Kumbe mzaha bado unao." Orrin akakalia kreti. "Kila Jumapili jamaa wanakuulizia hewani. Shemeji, hapa hutafuti nafuu ya umeme. Unatafuta ububu."

Verlin hata hasira hakuihisi. Maneno yalimfikia kama mvua inayopiga bati la jirani. Orrin akaondoka. Kisha Verlin akapunguza volti hasi inayozilaza taa, mpaka sindano ya mita ikainuka kidogo. Zisilale, zisikeshe: daraja AB, la kuongea bila kupoteza umeme mwingi.

Jumapili, baada ya ibada, alishika maikrofoni akaita. Akajibiwa na Hobart, rafiki wa jimbo jirani la Nebraska ambaye hawajawahi kuonana naye uso kwa uso.

"Verlin, we mzee, ulipotelea wapi? Mkeo hajambo?"

"Dorthea alifariki. Mwezi wa pili."

Hadi hapo hakuwahi kulitamka neno "alifariki" kwa kinywa chake.

"Pole sana, ndugu yangu," Hobart akasema. Kisha akaongeza: "Sauti yako inafika safi."

"Ni AB."

Verlin alingoja machozi, hayakuja. Alihisi tu joto la taa mkononi. Hobart akamuuliza Dorthea alikuwa mtu wa namna gani, naye akaanza kueleza, polepole, akiachia kitufe cha maikrofoni kila mara ili mwenzake apate kusema.