Mvua ya Mkebe

Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tulihamishwa kutoka mashambani kwetu tukaingizwa katika kijiji kimoja kikubwa karibu na soko la Manyatta, Embu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na shule ilikuwa imefungwa. Kila asubuhi wanawake wote wenye nguvu walikwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, wakarudi adhuhuri. Watoto wadogo walibaki wakizurura kati ya nyumba, mpaka siku moja mmoja wao akaungua mguu kwenye meko.

Hapo kiongozi wa wanawake, mama mrefu ambaye akikohoa langoni anasikika kisimani, akaamua kwamba watoto wa miaka minne hadi sita wakusanywe mahali pamoja na wachungwe na msichana mmoja. Akanichagua mimi kwa sababu nilijua kusoma.

"Utawafundisha nyimbo," aliniambia. "Mwisho wa mwezi atakuja mama wa ofisi kutoka Embu kuwaangalia. Akiridhika, utabaki nao. Asiporidhika, utashika jembe kama wenzako, na nitamweka yule binti wa kwaya."

Binti wa kwaya tulikuwa rika moja. Alikuwa na sauti nzuri na hakujua haya. Mimi haya ilinijaa mpaka shingoni. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya watoto tisa, nikafungua kinywa ili niimbe, nikaona macho kumi na manane yananitazama, nikakifunga.

Kijana mmoja wa miaka mitano, aliyefunga kaptura yake kwa kamba ya mgomba, akaniuliza, "Wewe ni bubu?"

"Hapana."

"Basi sema kitu."

Nilichuchumaa kando ya mfereji, nikachota udongo mwekundu, nikaanza kuufinyanga. Nilifanya hivyo kwa kutojua pa kuiweka mikono yangu. Yule kijana akachuchumaa karibu nami, kisha wengine wote. Baada ya kitambo kidogo hakuna aliyekuwa akinitazama usoni. Wote walitazama udongo, na mimi nikapumua.

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulifanya matonge ya namna tatu: ya udongo mtupu, ya udongo na nyasi zilizokatwakatwa, na ya udongo na mavi ya ng'ombe. Tukayaanika siku mbili. Halafu nikasimama wima na kuyaangusha moja moja kutoka usawa wa kichwa changu. La udongo mtupu likapasuka vipande vinne. La mavi likavunjika kidogo pembeni. La nyasi likadunda, likabingirika hadi miguuni mwa bibi mzee aliyekuwa akisinzia hapo.

Huyo bibi alikuwa nyanya wa yule kijana wa kamba ya mgomba. Alikuwa mzee mno kwa handaki, kwa hiyo alipewa kazi ya kunisaidia. Msaada wake mkubwa ulikuwa kulala akiwa amekaa.

"Nani amenirushia jiwe?" akauliza.

"Si jiwe, nyanya, ni udongo!" wakapiga kelele wote. "Umekataa kuvunjika!"

Kutoka siku hiyo walitaka kujenga. Kila mmoja akajenga nyumba yake, urefu wa goti langu, kuta za udongo wa nyasi na paa la fito na nyasi. Nikatafuta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikautoboa matundu mengi chini kwa msumari. Ukiujaza maji na kuuinua, mvua inanyesha. Ndani ya kila nyumba tuliweka jani, na juu ya jani majivu makavu. Tone likiingia, linaacha shimo jeusi kwenye majivu, na hakuna wa kudanganya.

Siku ya kwanza ya mvua ya mkebe nyumba zote tisa zilivuja. Walikuwa wamejenga mapaa yaliyolala, kama zile nyumba ambazo mama zao walizijenga kwa haraka kwa miti mifupi tuliyoruhusiwa kukata. Wawili walilia. Lakini msichana mmoja, mkimya kama mimi, aliinama akatazama paa lake kwa muda mrefu.

"Maji yamekaa hapa," alisema taratibu. "Hayaendi."

Kesho yake akaja na paa refu lililochongoka. Wenzake wakamcheka.

"Nyumba yako imevaa kofia!"

"Inataka kuondoka, ishikeni!"

Nikainua mkebe. Maji yakateremka mbio, yakamwagika pembeni. Tulipovuta jani, majivu yalikuwa makavu kabisa. Yule msichana alishika masikio yake mawili kwa furaha. Kufikia saa sita kila nyumba ilikuwa na kofia, na nyingine zilichongoka mno hata zikaanguka zenyewe. Tukakata kijiti cha kupimia. Wakajaribu tena na tena hadi wakapata urefu usiovuja na usioanguka.

Yule nyanya naye alitamani nyumba ya mjukuu wake ishinde. Asubuhi moja tuliikuta kavu kuliko zote, na watoto wakashuku. Wakafunua nyasi, chini yake wakakuta jani la mgomba limekunjwa mara mbili.

"Nyanya, umeiba!"

"Mimi?" akasema, macho yamefumbwa. "Mimi nimelala tangu juzi."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini baadaye wote wakaweka jani la mgomba, kwa kuwa wizi ule ulikuwa na akili.

Zikabaki siku tano mgeni afike. Kiongozi wa wanawake akapita na jembe begani, akatukuta tumejaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Nilikupa watoto, unanirudishia nguruwe," alisema. "Wamejua nyimbo ngapi?"

Nikatazama chini.

"Ngapi?"

"Hakuna, mama."

Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka. "Binti wa kwaya nimeshamwambia akae tayari," akasema, akaenda zake.

Jembe sikuliogopa. Nilikuwa nimelima tangu nikiwa mdogo. Niliogopa asubuhi ile ambayo wangekaa mbele ya mtu mwingine na wasimwage maji yoyote. Nilikwenda mtoni peke yangu nikajaribu kuimba. Sauti ilitoka kama ya kuku anayekaribia kutaga, nikaacha.

Mama wa ofisi alifika Ijumaa, mama za watoto wakiwa wameruhusiwa kutoka handakini mapema ili washuhudie. Alivaa viatu vyeusi na gauni la rangi ya samawati, na alisema Kiembu kama sisi. Watoto walikuwa wameoshwa na kupakwa mafuta. Binti wa kwaya alisimama kando, tayari.

"Haya," mgeni akasema kwa upole. "Tuimbieni."

Watoto wakanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyeusi. Nilisikia kiongozi wa wanawake akishusha pumzi.

Ndipo yule kijana wa kamba ya mgomba akatoka mstarini, akamwendea mgeni.

"Mama, una kitu kikavu?"

"Kikavu? Cha nini?"

"Tukiweke ndani ya nyumba. Halafu mvua inyeshe."

Mgeni akacheka kidogo, akampa kitambaa chake cheupe cha mkononi. Kijana akakiweka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilileta mkebe, nikauinua, na maji yakanyesha. Kijana alipokitoa kitambaa, kilikuwa na doa kubwa la maji mekundu katikati.

Mama mmoja akaguna. Nilijua yamekwisha.

Lakini watoto hawakujua kwamba yamekwisha. Wote tisa walikwisha kupiga magoti kuizunguka nyumba, pamoja na mafuta yao na usafi wao wote.

"Umeivunja ulipokuwa ukiweka!"

"Sikuivunja! Ni panya!"

"Acheni, angalieni ndani. Mwanga unaingia wapi?"

"Hapa! Ufito umeteleza!"

"Mama, sogeza gauni, unatuzibia."

Mgeni akasogeza gauni. Kisha akavua viatu, akapiga magoti pamoja nao. Yule msichana mkimya akamwonyesha kwa kidole mahali nyasi zilipoachana, akampa konzi ya nyasi aziweke. Mgeni akaziweka vibaya.

"Siyo hivyo," msichana akasema. "Anza chini. Ya juu ilalie ya chini."

Alianza chini. Wakarekebisha ufito, wakapaka udongo kileleni, wakakunja kitambaa ili pembe yake kavu iwe juu, wakakiweka tena. Safari hii mgeni mwenyewe ndiye aliyeinua mkebe. Maji yakateremka pande zote. Kijana akachomoa kitambaa, akakigusisha shavuni, akakiinua juu.

"Kikavu!"

Mama zao wakapiga vigelegele, na nyanya wa yule kijana akapiga kirefu kuliko wote, macho wazi kabisa. Mgeni akasimama, magoti mekundu.

"Nani amewafundisha kujenga?"

"Hakuna," kijana akajibu. "Huyu hasemi. Tunacheza tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni akanigeukia, na kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha, nikamtazama.

"Ulijua paa litavuja?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Lakini nilijua watajua kwa nini."

Ni maneno mengi kuliko yote niliyomwambia mtu mkubwa mwezi ule. Akatikisa kichwa polepole kwa kukubali, akamwambia kiongozi wa wanawake, "Huyu mwache hapa."

Kiongozi wa wanawake alikunja uso, akatazama nyumba tisa, akatazama gauni la mgeni, halafu akaanza kucheka kwa ile sauti yake.

"Basi Jumatatu saa moja," akaniambia. "Na nyimbo huyu binti atakuja kuwafundisha Jumamosi, maana wewe hata nikikuchoma na sindano hutaimba."

Binti wa kwaya aliuliza kama na yeye anaweza kujenga nyumba. Watoto walishauriana kwanza, kisha wakamwonyesha udongo mzuri unapopatikana. Jumatatu walikuja watoto kumi na wanne.