Leso ya Mtungi

Mimi simwamini mtu anayeanza ombi lake kwa kuniita "dada mpendwa". Ndivyo alivyoanza mwenyekiti wa akina mama wa kanisa moja la Tononoka, aliponifuata ofisini baada ya kuona leso za kanisa letu. Kanisani kwetu mimi ndiye mchoraji. Nilikuwa nimechora mtungi na mikono miwili inayoupokea, mchoro ukachapwa katikati ya leso, zile kanga za sare za akina mama wetu. Sasa wenzetu walitaka mchoro uo huo kwa sherehe yao. Bure. Makanisa, alisema, hupeana.

Hupeana, ndiyo. Mchoro wangu wa hori la Krismasi nilimpa mchungaji mmoja bure, na mwaka uliofuata nikaukuta kwenye fulana wanazouziwa watalii mbele ya Ngome ya Yesu. Muuzaji akanikaribisha ninunue. Nilikasirika, nikaenda zangu.

Kwa hiyo yule mwenyekiti nilimwekea masharti. Wavae wao tu, zisiuzwe madukani, na jina langu liandikwe kwa herufi ndogo kwenye pindo. Alikubali yote bila kubishana, jambo lililonitia shaka zaidi.

Basi kila Jumamosi nikawa napita Biashara Street, najifanya natafuta leso za kununua, kumbe macho yangu yanaurandia mtungi. Jumamosi moja, sherehe yao ikiwa kesho yake, nikauona. Ulikuwa umejitokeza kwenye rundo la leso chini ya meza ya duka. Niliingia na hasira zangu zote, nikasema mchoro ule ni wangu.

Mwenye duka, mzee mmoja aliyekuwa akikunja vitambaa, hakushtuka.

"Ndiwe upitao hapa kula Jumamosi ukatuchungulia?" akauliza. "Keti, mwanangu."

Akanieleza kwamba leso zile ziliagizwa kwake na mwenyekiti, zikachapwa kiwandani. Leso huwa na maandishi mahali pamoja tu, ule msemo ulio chini ya picha. Mafundi wa kiwandani walipoona maandishi mengine madogo kwenye pindo, wakadhani ni kosa, wakayaondoa. Mwenyekiti alipokuja kuchukua mzigo wake alikagua pindo kwanza, akazikataa leso zote. Kuchapa upya kungechukua majuma, na sherehe ni kesho.

Sikumwamini hata yeye. Nilikunjua leso moja nikalitafuta jina langu pindo zote nne, halikuwapo. Nikawaza kuwa wamenipanga, wanataka niingiwe na huruma niwaachie mchoro hivyo hivyo. Lakini nani alinituma kuingia dukani? Nikampigia simu mwenyekiti palepale, nikamwambia wazichukue, wazivae, nimeruhusu.

"Hapana, dada," akasema. "Tulikuahidi. Tukizivaa bila jina lako, siku ukiukuta mchoro mahali pengine utasema ulijua tu."

Ndivyo hasa ningesema. Akanikaribisha kwenye sherehe.

Nilienda, nusu kwa heshima na nusu kuhakikisha. Wageni wa makanisa mengine walikuwa wamependeza kwa sare zao. Wenyeji waliposimama kuimba, kila mama alikuwa na leso yake ya nyumbani, hii imepauka, ile ina doa la mafuta ya kupikia. Mwenyekiti alivaa ya kijani iliyochanika pembeni, na aliimba akicheka. Niliumia moyoni, na sikujua pa kuyaweka macho yangu.

Mama mmoja mgeni aliyeketi kando yangu akaniinamia, akauliza mbona wenyeji hawana sare siku yao kubwa kama hii. Nikamjibu kwamba sare wanazo, ziko dukani, wamekataa kuzivaa kwa sababu yangu.

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akauhamisha mkoba wake upande wa pili.