Kibati Nilichokiacha Ukutani

Asubuhi ile mama alikuwa anachambua maharage huku akimsuta baba kwa sababu ya vibati vyake. Ilikuwa siku ya soko mjini Bwera, na wachuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka walikwisha kupita mbele ya nyumba yetu na vitenge vyao na madumu ya mawese. Baba, Koplo Wafula, alikuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za buti, tayari kwenda kwenye kizuizi cha barabara ya Kasese alikopangiwa lindo.

"Wanawake wa soko wanacheka," mama alimwambia. "Wanasema afande anatuhesabu kama mbuzi ya mnada."

"Wacheke tu, Mama Nekesa. Mbuzi ikihesabiwa haipotei."

Kabla ya kuwa askari, baba alifanya kazi miaka mingi katika mgodi wa shaba ulioko juu ya Kasese. Babu yangu alikuwa ametoka Kenya kuja kutafuta kazi huko huko. Kila mchimbaji aliyeshuka alitundika ubaoni kibati chenye namba yake, na alipopanda alikichukua. Zamu ilipokwisha, kibati kilichobaki ubaoni kilikuwa mtu aliyebaki chini, na msimamizi hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Mgodi ulipofungwa baba aliingia jeshini, akaingia na mazoea yake. Habari za waasi zilipoanza kushuka kutoka milimani, alikata vibati kumi na viwili kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, kimoja kwa kila kaya ya safu yetu. Alivitundika kwenye misumari katika ukuta wa ghala la kahawa, pale barabara ya Kasese inapoanza, mahali panapoonekana kutoka kizuizini. Agizo lake lilikuwa jepesi: risasi zikilia, kila kaya inayotoka mjini ichukue kibati chake. Chetu kilikuwa namba saba. Kazi ya kukichukua alinipa mimi, mkubwa wa watoto wake.

Milio ya kwanza ilitoka upande wa mto. Mama alidhani ni mabati yanashushwa kutoka kwenye lori. Ya pili ilipolia, alikwisha kusimama.

Alimfunga mdogo wangu mgongoni. Akaniambia nitangulie nikachukue kibati, kisha nimkute nyuma ya kanisa, kwenye mashamba ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Njia niliijua.

Nilikimbia.

Chini ya ukuta wa ghala alikuwa amelala mwanamke aliyetuuzia chapati kila asubuhi. Sinia lake lilikuwa bado limefunikwa vizuri kwa kitambaa. Misumari ilikuwa juu yake. Ili nikifikie kibati chetu, ingenibidi nimruke.

Sikumruka.

"Umechukua?" mama aliniuliza nyuma ya kanisa.

"Nimechukua."

Hakuniambia nimwonyeshe. Alinishika mkono, tukaingia kwenye kahawa.

Hatukuifuata barabara. Tulipita mashambani, kisha nyikani, mpaka lori la pamba likatuokota siku ya pili na kutufikisha Kasese. Tulikaa katika uwanja wa shule pamoja na mamia ya watu wengine. Siku ya nne baba aliletwa katikati ya askari wawili, hana mkanda, buti zake hazina kamba. Walimruhusu kutuona kwa dakika chache. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mama, akaweka juu ya mdogo wangu, akaweka juu yangu. Nilitazama chini. Hakuniuliza habari ya kibati.

Karatasi iliyomwondoa jeshini ilisema kwamba aliacha lindo bila ruhusa wakati adui anashambulia, na kwamba askari wawili waliobaki kizuizini waliuawa. Mama alimuuliza swali moja tu, nalo aliliuliza kwa miaka. Kama ulikimbia, mbona hukukimbilia kwetu? Baba hakumjibu. Alipata kazi katika kiwanda cha saruji, akabeba mifuko mpaka mgongo ukapinda. Kwa mgongo huo nilisoma sekondari, kisha chuo cha ualimu. Jioni mama alimtengea chakula akisema, "Haya, kula, bwana mkimbiaji." Naye alinawa mikono na kusema, "Asante, Mama Nekesa."

Nimekuwa mwalimu wa historia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ninawafundisha watoto wa watu kuuliza sababu ya kila tukio. Lakini uongo wangu wa nyuma ya kanisa na kimya cha baba nilivitenga. Vikikaa pamoja, nilijua vitasema jambo.

Tulimzika baba mwaka jana huko Maliba, kijiji tulichohamia baada ya vita. Wakati udongo unarudishwa, mzee mmoja aliyevaa koti lililofungwa vifungo vyote alisogea kutoka pembeni ya umati, akavuta mguu wake mmoja, akasimama wima na kupiga saluti. Nilimfuata alipokuwa anaondoka. Aliniambia kuwa yeye ni Sajini Baluku, mstaafu, na kwamba ndiye aliyekuwa mkuu wa kizuizi kile.

"Mzee, mbona unampigia saluti mtu aliyeacha lindo?"

Alinitazama sana. "Wewe ndiyo yule msichana mkubwa? Mwalimu?"

"Ndimi."

"Basi kuja kwangu Kitswamba siku moja. Mambo ya vita haiongelewi kwa matanga."

Nilichukua wiki sita kupata ujasiri. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama baba yangu alikimbia. Nilimkuta Sajini Baluku barazani kwake anamenya karanga, na kabla sijamaliza salamu nikamuuliza.

"Kukimbia?" alisema. "Mwalimu, mtu anakimbia anaenda kule risasi haiko. Wafula alienda kule risasi iko."

Akaniambia kwamba mapigano yalitulia kidogo katikati ya asubuhi. Baba aliomba darubini, akaangalia ukuta wa ghala.

"Akasema, 'Afande, mbili iko bado. Kumi na moja, na saba.' Nikamwambia, 'Hakuna ruhusa. Simama hapo hapo.' Akanipigia saluti safi kabisa, akaenda." Mzee aliacha kumenya. "Ile siku sikumrudishia. Ndiyo hiyo saluti nilileta Maliba."

Waasi walirudi baba akiwa mjini. Vijana wawili walikufa pale pale, na risasi ikauvunja mguu wa sajini.

"Kwa nini hakusema haya alipohojiwa?"

"Mimi mwenyewe nilimwambia. 'Wee Wafula, sema tu ukweli, sema uliona namba ya watoto yako.' Akakataa. Akasema, 'Afande, kibati ilikuwa kazi ya msichana wangu. Akisikia, atabeba hao wawili mpaka kaburini. Mimi nimezoea kubeba.'"

Karanga zilikuwa zimenijaa viganjani. Sikumbuki nilizichukua lini. Mzee alitazama pembeni kwa heshima mpaka nikamaliza kulia.

"Mzee, kama angebaki kizuizini?"

"Tungezika watatu. Ama tungezika mmoja. Mimi sijui, na nilikuwa hapo."

Namba kumi na moja ilikuwa ya Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa amepanga mwisho wa safu yetu. Sajini aliniambia bado yuko Bwera. Nilimpata dukani kwake amezungukwa na vitenge, rozari shingoni, anabishana na mteja. Nilipojitaja, alimfukuza mteja yule.

"Wewe mutoto ya Papa Wafula? Weye? Kuya hapa, nikuguse!"

Alinikalisha juu ya robota la vitenge, akanisimulia huku amenishika kifundo cha mkono.

"Alikuya mbio, jasho mingi. Akaingia kwenu, akaita jina ya mama yako, akaita yako. Nyumba wazi, sufuria iko kwa moto, mutu hapana. Mi niko chini ya kitanda na batoto batatu, niko nafunga ule mudogo kinywa. Njo akatuona. Akauliza, 'Nyinyi ndiyo kumi na moja?' Nikasema, 'Papa, siye tuko batu, hatuko namba!'"

"Akasemaje?"

"Akacheka! Batu banapiga masasi, yeye anacheka. Akabeba batoto babili, mi nikabeba moja, akatufikisha mpaka barabara ya Kasese. Nikamuambia, 'Papa, merci, kimbia na siye.' Akasema hapana, batu bake bangali nyuma." Aliuachia mkono wangu. "Akarudia kule kwenu tena. Mi nilimuona na macho yangu. Alirudia mara mbili."

Watoto wale watatu ni watu wazima. Mmoja ni muuguzi, mwingine anaendesha lori la kahawa, na yule wa mwisho, aliyezibwa kinywa, aliingia dukani na mtoto wake mgongoni. Mama Kavira alimwita anione. Alinisalimu kwa kupiga goti, nami sikujua niuweke wapi uso wangu. Kama ningekichukua kibati kile, ukutani kingebaki kimoja. Sajini Baluku anaamini baba angerudi hata kwa hicho kimoja, kwa sababu alikuwa mtu wa mgodi. Ninaomba iwe hivyo. Sina njia ya kujua.

Ninachojua ni kwamba nilikuwa na baba aliyenitafuta mara mbili mahali ambapo sikuwapo, kisha akaishi karibu miaka thelathini na jina baya ili mimi nilale vizuri. Namshukuru Mungu kwa mtu huyo. Kumshukuru yeye mwenyewe nimechelewa.

Nilirudi Maliba moja kwa moja. Mama alikuwa anaanika kahawa mkekani. Nilianza na neno gumu kuliko yote.

"Mama, ile siku sikuchukua kibati."

Nilimweleza mpaka mwisho. Aliendelea kuzigeuza buni kwa kiganja, taratibu, mpaka mstari wa mwisho wa mkeka.

"Kwa hiyo alikuja," alisema.

"Alikuja. Mara mbili."

"Na mimi kila jioni, mkimbiaji, mkimbiaji. Na yeye ananiambia asante."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Ya kumi na sita nimesamehe." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Ya kunyamaza mpaka ukapita arobaini nitafikiria."

Kisha nikamwambia kwamba Mama Kavira anatualika Bwera, watoto wake wote watakuwapo.

"Tutaenda. Huko tutachinjiwa kuku na kushukuriwa, hiyo ni rahisi. Wale vijana wawili, kwao ni wapi?"

"Sajini Baluku anajua. Mmoja mama yake bado yuko hai, huko mlimani."

"Basi tuanze kule hatutashukuriwa."

Tulipanda huko Jumamosi iliyofuata. Mama alikataa nimtangulie. Alibisha hodi mwenyewe, na mlango ulipofunguliwa akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia, "Mimi ni mjane wa Koplo Wafula."

Mama wa kijana aliyeuawa alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akampa mama. Mimi niliketi chini, nikaanza kueleza.