Bima ya Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na jina lenyewe hakulichukia. Lilitokana na kile kibreki cha pili kilichofungwa upande wa abiria, alichokuwa amekikanyaga kwa miaka kumi na tisa mpaka goti la kulia likawa linalia kama bawaba ya mlango mkavu. Alikuwa amefundisha watu wa kila namna: wanaofumba macho wakipishana na lori, wanaoliomba gari msamaha wakikosea gia, na bwana mmoja mwenye duka la vioo aliyeachia usukani katikati ya barabara ili apokee simu.

Miaka yote hiyo alikuwa mwajiriwa wa shule ya udereva, na mambo ya bima hayakumhusu. Bosi alibandika stika mpya kwenye kioo kila mwaka, yeye akaendelea na kazi. Kisha bosi akafariki. Watoto wake wakafunga shule na kuuza magari, na Mwalimu Breki akakubali kupewa gari moja badala ya kiinua mgongo. Alichukua lile kuukuu kuliko yote, kwa kuwa breki zake mbili zilikuwa nzima, tena aliweza kulitengeneza mwenyewe akiwa amelala chini yake juu ya kipande cha boksi. Akaandika namba yake ya simu ubavuni, akaanza kufundisha peke yake akiwa na miaka hamsini na sita.

Stika aliyoirithi pamoja na gari ilikuwa inakwisha siku ya Ijumaa.

Jumatatu jirani alimpa namba ya wakala wa bima. Wakala hakuwa na maneno mengi. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri mno. "Nitumie picha ya kadi ya gari, mzee wangu. Dakika kumi tu stika unayo kwenye simu."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani akipinda pazia la mteja. Alitoa pini mdomoni. "Amekuuliza gari linafanya kazi gani?"

"Hajauliza."

"Basi mwambie wewe."

Mwalimu akapiga tena. Wakala akamweleza kwamba wanaandika matumizi binafsi: nyumbani kazini, kazini nyumbani.

"Lakini linaendeshwa na wanafunzi," Mwalimu akasema.

Wakala akashusha sauti. "Mzee, hilo mimi sijalisikia, na wewe hujaniambia."

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumanne akavaa shati lake la mtihani, lile analovaa akipeleka wanafunzi kwa mkaguzi, akaanza kuzunguka maofisini.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na kiyoyozi kikali na kijana mwenye tai. Kijana akamsifia bima kubwa, ile inayolipa kila kitu, gari lako na la mwenzako, wizi, moto, mpaka mafuriko. Alisema maneno hayo kama mtu anayesoma majina ya wachezaji. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akataja mwaka wa gari. Kijana akafunga kijitabu. "Ah. Kwa umri huo hatulichukui, mzee." Nusu saa nzima ilikuwa imekwenda.

Ofisi ya pili wakamwambia asubiri meneja. Akasubiri mpaka saa saba, wakamwambia meneja hayupo leo.

Ofisi ya tatu akamkuta mwanafunzi wake wa zamani, dada aliyefeli mtihani wa barabarani mara tatu na kufaulu wa nne kwa juhudi za Mwalimu. Alisimama kwa furaha.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mama. Kumbe uko huku?"

Alimletea maji, akamsikiliza vizuri, akakuna kichwa. Kampuni yake haikuwa na bima ya magari ya mafunzo. "Lakini kwako siwezi kushindwa, Mwalimu. Tunaandika binafsi, unaondoka na stika yako sasa hivi. Nani atajua?"

Fomu ikawekwa mbele yake, na kalamu juu yake. Mguu ulikuwa unamwuma, njaa inamkata, na bei ilikuwa ndani ya uwezo wake. Aliishika ile kalamu. Aliandika hata herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha akasema amesahau miwani nyumbani, angerudi kesho. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati na dada yule aliiona, lakini kwa heshima akamsindikiza mpaka mlangoni.

Hakutaka kurudi nyumbani na jibu lile. Jumatano akaenda kumtafuta mwenzake wa zamani, Mwalimu Kofia, aliyewahi kuwa na gari lake la kufundishia. Siku hizi alikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji. Walikaa kwenye benchi lenye vumbi, na Kofia akamweleza bila kuzungushazungusha.

Mwanafunzi wake alipanda njia ya waenda kwa miguu akamvunja mguu mama mmoja aliyekuwa anatoka kununua dawa. Kampuni ya bima ikatuma mkaguzi. Mkaguzi akauliza maswali mawili tu. Nani alikuwa kwenye usukani? Mwanafunzi. Na gari limeandikwa nini? Binafsi.

"Ikaishia hapo," Kofia alisema. "Ilikuwa kama sijawahi kukata bima hata siku moja. Gari nikauza, kiwanja nikauza, hospitali ikamaliza vyote."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Kiwanja nimeshakisahau. Yule mama bado anachechemea. Nikitaka kwenda sokoni napita njia ya nyuma, nisikutane naye."

Lori likapiga honi, Kofia akainuka kufungua geti.

Alhamisi, siku moja kabla ya stika kuisha, alipanda ngazi arobaini na mbili kwenda kwenye ofisi iliyokuwa juu ya duka la rangi. Alizihesabu kwa sababu ya goti. Ndani alikuwapo mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni, miguu imevimba na kuegeshwa juu ya boksi la karatasi. Naye alionekana kuchoka, tena uchovu wa miaka.

"Kaa," mama wa bima akasema. "Usiseme kitu kwanza. Pumua."

Akapumua. Kisha mama yule akaanza kumwuliza yeye: gari la mwaka gani, nani anaendesha, barabara zipi, kwa siku masomo mangapi. Tangu Jumatatu hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo.

"Bima kubwa isahau," mama akasema. "Hata ningekupatia, gari likiungua lote wangekulipa thamani yake ya leo. Na thamani yake ya leo unaijua."

"Naijua."

"Chukua bima ndogo. Hii inamlipa unayemgonga: gari lake, ukuta wake, mguu wake. Gari lako hailijui kabisa. Likibonyea, la kwako. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Juu yake tunaongeza kifungu cha gari la mafunzo. Bila hicho, hii karatasi ni ya kufungia maandazi."

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akatoa miwani, akaomba wasome pamoja mstari kwa mstari. Mama hakukataa. Walipofika ukurasa wa tatu Mwalimu akauliza, "Na mwanafunzi mwenyewe akiumia akiwa kwenye usukani?"

Mama akashusha miwani. "Watu hawaulizi hilo. Hayumo. Abiria yumo, dereva hayumo. Kuna kifungu cha kumwingiza, si ghali sana."

"Mwingize."

"Halafu hapa. Kila ajali, sehemu ya kwanza ya hasara unabeba wewe, sisi tunamalizia. Na siku ambayo mwanafunzi hana kibali chake cha kujifunzia mfukoni, unabeba yote. Usije ukanililia."

Hesabu ilipotoka, ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya simu. Mwalimu akaitazama kwa muda mrefu. Wakaanza kupunguza vile vya nyongeza. Kuvutwa gari likiharibika? Futa, ana kamba na ana rafiki mwenye pikapu. Kioo cha mbele? Futa, tayari kina ufa. Redio? Redio ilikuwa haijasema neno tangu enzi za bosi. Mwisho mama akamwambia anaweza kulipa ya miezi mitatu mitatu, ingawa ukijumlisha inazidi kidogo.

"Nitakuwa nakuja mara nne kwa mwaka," Mwalimu akasema. "Na ngazi hizi?"

"Mimi nazipanda kila siku, kaka yangu."

Ijumaa asubuhi akalipa, sehemu ikiwa ni pesa za mapazia. Mkewe alizihesabu mara mbili, akampa, akarudi kwenye cherehani.

Ikabidi apandishe ada ya masomo. Wanafunzi wawili wakahama siku hiyohiyo. Aliyebaki bila kunung'unika ni Mkunga, mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyestaafu wodi ya wazazi na kuamua kwamba hatapelekwa tena na mtu popote. "Mdogo wangu," alimwambia, "bei pandisha, lakini kelele usinipigie."

Ikawa mwezi wa pili tangu alipe bima. Walikuwa wanajifunza kuegesha nyuma ya jengo la posta. Mkunga alitaka breki akakanyaga mafuta. Mwalimu naye alikanyaga, ila goti lilikuwa limekaza tangu asubuhi, na mguu ukachelewa kwa muda wa kupepesa jicho. Wakaingia kwenye mlango wa teksi iliyoegeshwa. Hakuna aliyeumia. Mwenye teksi alitoka mbio akiwa na kikombe cha chai mkononi, akapiga kelele za kutosha watu mia.

Mwalimu aliyafanya yote kama walivyosoma na mama wa bima: picha, kibali cha Mkunga, polisi, fomu, makadirio ya fundi. Kwa wiki saba mwenye teksi alimpigia simu kila siku saa moja asubuhi. "Mwalimu, vipi?" "Bado, ndugu yangu." "Haya." Wiki ya nane simu haikulia. Alikuwa amelipwa. Mwalimu alikuwa ameshatoa sehemu yake ya kwanza, na bampa lake mwenyewe akalifunga kwa waya, maana hilo alijua toka mwanzo kwamba ni lake. Hakusikia furaha yoyote. Alilala mchana ule saa tatu mfululizo, na mkewe akawafukuza wateja wenye sauti kubwa.

Alipoamka alikumbuka kwamba Mkunga hakuwa amerudi tangu siku ya ajali. Akampigia.

"Mdogo wangu, mimi nimeacha," Mkunga akasema. "Nimekutia hasara. Nitapanda magari ya watu kama wenzangu."

"Dada, ulilipia masomo kumi. Umefanya sita."

"Pesa ya manne yaliyobaki mpe mwenye teksi."

"Mwenye teksi ameshalipwa. Bima imelipa." Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Na mimi pia nilichelewa siku ile. Wewe ulikosea, na mimi nilichelewa."

Nyuma ya Mkunga palisikika sufuria ikichemka.

"Hilo bampa umelitengeneza?"

"Nimelifunga waya."

"Mungu wangu. Watu watatucheka."

"Watatucheka. Kesho saa mbili."

Kesho yake Mkunga alikuja saa mbili kasoro, amevaa viatu bapa vya wodini, kibali amekishika mkononi kabla hajaulizwa. Alizunguka gari, akalitazama bampa, akaguna. Kisha akaingia, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo na kufunga mkanda.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Palepale nyuma ya posta," Mwalimu akasema. "Tukaegeshe."