Kochi la kuazima

Mama Immaculée alikuwa hajawahi kukiri umaskini mbele ya mgeni, na kwa ukaidi huo nusura watoto wa jengo letu wakose jiko lao.

Tunakaa South Beach, ghorofa ya tisa, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Mimi Laurette nasuka nywele saluni ya chini, na mlango wangu unatazamana na wa Mama Immaculée. Alitoka Uvira, Kongo, na mumewe Gustave, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hapa Durban alivaa kizibao cha njano akalinda magari ya wanaokuja kuogelea, mpaka alipofariki. Mama huyu ameuza mboga soko la Warwick, amefua mashuka ya watu, amezika mume na sasa analea wajukuu wawili. Katika yote hayo hakuna mtu aliyetoka kwake bila kutia kitu mdomoni. Kwetu mgeni hasimuliwi njaa, analishwa. Na mimi nimelelewa hivyo hivyo, ila nina mdomo. Yeye hana.

Mwaka jana lilifunguliwa jiko la watoto kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya jengo. Wakitoka shule walikuta wali na maharage, na mpishi alikuwa Mama Immaculée mwenyewe. Serikali ilikuwa inajaribu tu. Baadaye tukaambiwa watakuja watu wa utafiti kupima umaskini, jengo kwa jengo. Jengo likionekana liko chini ya mstari, jiko linabaki. Likionekana juu, jiko linahamishiwa kwingine. Huo mstari mimi sijawahi kuuona, lakini kuna watu Pretoria wanauona vizuri sana, na wanajua sisi tumesimama upande gani.

"Mama, wakifika sema ukweli tu," nilimwambia.

"Kweli gani? Nimufungulie mugeni sufuria yenye haina kitu?"

Jumamosi asubuhi akaja kuazima kochi langu jekundu, la pekee nililonalo. Nikadhani anapokea watu wa kanisa, nikampa. Mara namwona anasukuma friji ya jirani yetu Rhoda kwenye korido. Kisha harufu ya samaki ikajaa ghorofa nzima, na hapo nikaelewa. Yule mwanamke alikuwa anawaandalia karamu wapimaji wa njaa!

Aliyekuja alikuwa binti mmoja tu, Muneera, Mzanzibari wa hapahapa Durban, kizazi cha wale watumwa walioachwa huru wakaletwa huku zamani, mwenye tableti mkononi na Kiswahili alichorithi kwa bibi yake wa mtaa wa Bluff. Mlango uliachwa wazi moshi utoke. Nilisimama korido nikasikiliza, wala sioni haya kusema.

"Auntie, mwezi uliopita, kuna mtu humu alilala bila kula?"

"Apana, mutoto yangu. Mungu anatulisha. Kula kwanza, samaki itapoa."

Friji ipo? Ipo. Kochi? Si hilo ulilokalia. Binti wa watu akala huku anagusa tableti, na wajukuu wamesimama ukutani, wameshaagizwa waseme wameshiba. Samaki yule alikuwa kitoweo chao cha mpaka mwisho wa mwezi. Nilitaka kuingia nimnyang'anye sahani.

Alipofika kwangu nilimkalisha juu ya ndoo.

"Nisamehe," nikamwambia. "Kochi langu umeshalikalia kule."

Nikammwagia yote kwa hasira: kochi, friji, samaki. Muneera akaziba mdomo kwa mkono uleule aliolia samaki.

"Eish, dada. Na milango mingine wamenijibu hivyo hivyo."

"Wanamwiga yeye. Ndiye mkubwa wetu."

"Kwa majibu haya jiko linaondoka. Lakini siwezi kubadilisha kwa maneno ya jirani. Lazima mwenyewe aseme, tena leo, kabla sijatuma."

Nikavuka korido. Mama Immaculée alikuwa anaosha sahani.

"Mama, jiko linafungwa. Sababu ya kochi na friji."

Hakugeuka. "Unataka nimuambie yule mutoto alikula chakula ya bajukuu yangu?"

Ningekuwa yeye, hata mimi na mdomo wangu ningeshindwa. "Nataka batoto bakule, mama," nikasema, nikarudi kwangu machozi yakinilenga, nimemkasirikia yeye, nimeikasirikia Pretoria, nimelikasirikia hata lile kochi.

Muneera alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake tuliposikia hatua nzito. Mama Immaculée aliingia na kochi kichwani. Nyuma yake, huko korido, Rhoda alikuwa anaikokota friji yake kuirudisha kwake, na majirani wakichungulia milangoni. Akalitua kochi mbele ya Muneera.

"Toka kwa ile ndoo. Ikala apa. Hii kiti ni ya Laurette."

Yeye mwenyewe akaketi sakafuni, akakunja kitenge chake vizuri, akanyoosha mgongo.

"Uliza tena."

Muneera akauliza tena, polepole. Kuna mtu alilala bila kula?

"Mimi. Na batoto pia, siku jiko imefungwa."

Huko mlangoni Rhoda akaita, "Ukitoka apo, pita kwangu tena." Sauti nyingine ikasema na kwake pia. Nililia waziwazi. Mama Immaculée hakulia. Aliendelea kumtazama Muneera kama anayengoja hesabu yake isahihishwe.

Binti akagusa tableti hapa na pale, kisha kidole kikasimama.

"Auntie, hapa wanauliza nyumba hii leo imepika nini, na nani amekula." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile samaki..."

"Ile usiandike," alisema Mama Immaculée. "Ulikuwa mugeni."