Mwenye Nyumba Asiye na Uso

Nuwara alizaliwa kaburini, wala hakuona ajabu. Pale Shahat, iliyokuwa Kirene ya Wagiriki, nusu ya ukoo wake walizaliwa humo, kwenye mapango yaliyochongewa maiti. Shayiri waliihifadhi ndani ya majeneza ya mawe. Warumi walitupa mifupa ya Wagiriki wakazika ya kwao, wakaja Waarabu, Waturuki, Waitaliano, kila mmoja akijiita mwenye mji. Mwenye nyumba hasa alikuwa mwanamke wa jiwe mlangoni, nywele zimesukwa vizuri, uso hana. Si kwamba ulivunjika; hakuchongewa tangu mwanzo. Kila aingiaye au atokaye alimwomba ruhusa, na mkate wa kwanza ulikuwa wake.

Serikali ya mfalme ilipogawa nyumba za matofali, Nuwara, mjane, alipakia vyake kwenye lori na bintiye Zuhra, kisha akageuka kumuaga yule wa jiwe. Dereva akacheka. "Mama, maiti haziagwi. Panda, jua linatuchoma." Nuwara akaona haya, akapanda bila kuaga.

Wiki haikuisha, Zuhra akaacha kuitikia jina lake. Alikaa kizingitini kutwa, kimya, na hakula ila mkate wa kwanza. Shehe alimsomea, akaondoka bila kugusa chai. Asubuhi moja Nuwara alipomwosha uso, alihisi pua ya mtoto imepungua chini ya kiganja chake. Akaogopa kusugua.

Akaoka mkate, akamwacha Zuhra kwa jirani, akapanda pangoni mchana kweupe.

"Nimekuja kuaga, mwenye nyumba. Nilikosa adabu. Nirudishie mwanangu."

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, ya upole kabisa: "Karibu. Mbona unasimama nje?"

Nuwara alielewa anachoombwa. Alitamani kukimbia. Akakumbuka ile pua.

"Kwa ruhusa yako," akasema, akaingia.

Jioni ile Zuhra aliuliza mama yuko wapi. Wanaume walipekua pango lote, wakapata shali tu.

Sasa Zuhra ni mtu mzima, na kila Ijumaa hupeleka mkate. Yule wa jiwe ana uso siku hizi, na wageni humsifu aliyeuchonga. Zuhra hawezi kuutazama. Huweka mkate akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa ruhusa yako, mama," husema, na haondoki kabla hajaaga.